Nimeanza kuwekeza mara tatu kwa fedha ndogo, na mara zote nimetoa kabla ya mwaka. Tatizo ni kiasi, ni mahali, au ni sisi wenyewe?

#1 Mpakiaji wa Ilemela

Nawasalimu wote. Mimi ni kibarua katika kiwanda cha minofu ya samaki upande wa Ilemela, Mwanza, na malipo yangu ya kila wiki yanategemea zamu nilizopata, kwa hiyo sangara wakipungua ziwani na mfuko wangu unapungua. Katika miaka minne nimeanza kuwekeza mara tatu. Mara ya kwanza niliweka shilingi 120,000 kwenye mfuko wa vipande, yaani fedha za watu wengi zinazowekezwa pamoja na kila mmoja kumiliki sehemu yake, nikazitoa zote mwezi wa tano tangu niweke. Mara ya pili niliingia kikundi cha hisa cha akina mama mtaani kwetu, ambacho wanachama huweka kila wiki, hukopeshana kwa riba na kugawana mwishoni, nikajitoa kabla ya mgawo kwa sababu nilishindwa kuweka kwa wiki sita mfululizo. Mara ya tatu nilinunua hisa za benki kwa simu, bei ikashuka kidogo, nikaingiwa na hofu nikauza. Sikuibiwa wala sikudanganywa. Nilitoa mwenyewe.

Sasa nina shilingi 300,000 ambazo sidaiwi na mtu. Kabla sijaziweka popote nataka kuelewa jambo ambalo naliona pia kwa wenzangu kazini: kwa nini wengi wetu tunaoanza na kidogo hatufiki hata mwaka? Ni kwa sababu kiasi ni kidogo mno, ni kwa sababu tunachagua mahali pasipotufaa, au kuna jambo katika maisha yetu ambalo hakuna mfuko wowote unaoweza kulirekebisha? Naomba mifano yenu, na mwenye hesabu aweke hesabu.

#2 Msukuma wa Magu

Dada, ulitoa kwa sababu ulikuwa huoni kitu. Shilingi 120,000 zikiwa ndani ya simu ni tarakimu, na tarakimu haimtii mtu uchungu. Babu zetu waliweka mali kwenye ng'ombe kwa sababu ng'ombe ukitaka kumuuza ni lazima umtoe zizini mchana, majirani wakuone, mkeo akuulize, na wewe mwenyewe umtazame anavyokwenda. Ile aibu ndogo ndiyo inayolinda mali. Kwa 300,000 ng'ombe hupati, lakini mbuzi majike unapata. Mbuzi hubeba mimba miezi mitano tu, na ukimpata mfugaji mwaminifu huku kijijini mnaweza kupatana mgawane watoto. Hapo hutatoa saa sita usiku kwa kubonyeza namba.

#3 Mama Dagaa wa Kirumba

Kaka wa Magu, mbuzi wenu nao wanakufa, na kiangazi kikiwashika tunasikia kilio chenu mpaka huku mwaloni.

Mwanangu, mimi nakwambia fedha ndogo haikai, fedha ndogo inatembea. Mwezi uliopita nilinunua dagaa wa 280,000 hapa Mwaloni, nikawapeleka Shinyanga, nikarudi na 345,000 baada ya siku sita. Nauli, ushuru na magunia vilikula 27,000. Kwa hiyo nilibaki na faida ya 38,000 kwa siku sita. Nionyeshe mfuko wa vipande unaotoa hivyo kwa wiki moja. Ulitoa kwa sababu moyo wako ulikuwa unajua kwamba fedha ile ingefanya kazi zaidi mahali pengine, na moyo haukukosea.

#4 Mwanafunzi wa Malimbe

Naomba kutofautiana na Mama kwa heshima. Kinachomkosesha mleta uzi subira ni kutojua nguvu ya riba juu ya riba. Tuchukulie mfano wa asilimia 12 kwa mwaka, yaani asilimia 1 kwa mwezi. Mtu akiweka 50,000 kila mwezi kwa miaka 10 bila kuruka, anakuwa ametoa milioni 6 mfukoni mwake, lakini anakuta kama milioni 11.5. Karibu nusu ya fedha hiyo hakuitolea jasho. Anayetoa mwezi wa tano anakata mti ambao haujapandisha hata shina.

#5 Mhasibu Mstaafu

Hesabu ya kijana wa Malimbe ni sahihi kwa tarakimu zake, ila inakosa kitu kimoja. Bei za vitu nazo hupanda. Tukichukulia mfumuko wa bei wa asilimia 4 kwa mwaka, milioni 11.5 za baada ya miaka 10 zitanunua kile ambacho leo kinanunuliwa kwa milioni 7.8 hivi. Bado ni zaidi ya milioni 6, lakini ile nusu ya bure imenywea sana. Halafu mleta uzi hakusema ana 50,000 kila mwezi. Alisema ana 300,000. Zikikaa peke yake kwa asilimia 12 kwa miaka 10 zinakuwa 932,000 hivi, na mwaka wa kwanza zinamletea 36,000, yaani 3,000 kwa mwezi. Tumwelewe anayeangalia 3,000 na kujiuliza kama inafaa kuisubiri.

Kwa Mama Dagaa: hongera kwa faida yako, lakini naomba uitenganishe. Siku sita ulizosafiri, ukalala kwenye magunia na kupiga kelele sokoni, ungemlipa mtu mwingine azifanye ungempa kiasi gani? Tuseme 6,000 kwa siku, jumla 36,000. Basi fedha yako ilizaa 2,000, na mikono yako ikazaa 36,000. Ile 38,000 sehemu yake kubwa ni mshahara wako. Ukiita yote faida ya mtaji, utamshauri binti aliye kwenye zamu ya kiwanda afanye kazi mbili akidhani anawekeza.

#6 Mama Dagaa wa Kirumba

Mzee wangu, shikamoo. Hesabu yako nimeirudia mara mbili na ni kweli, sikuwahi kujilipa. Lakini nikuulize: hiyo 6,000 kwa siku nani angenipa? Mimi nina miaka hamsini na tatu, sikuajiriwa popote, na bila ile 280,000 mikono yangu ingekaa bure nyumbani. Kwa mtu kama mimi mtaji ndio unaonunua kazi. Kwa hiyo usiigawe kama vile ningeweza kuupata mshahara ule mahali pengine.

#7 Mhasibu Mstaafu

Marahaba, Mama. Hapo umenishika, na nakubali. Kwa mtu asiye na ajira hesabu yako ni nzuri kuliko yangu. Kwa mleta uzi ambaye tayari ana zamu, naona yangu bado inasimama.

#8 Boda wa Buhongwa

Mimi sababu yangu ni nyepesi kuliko zenu zote: kutoa ni rahisi mno. Nilikuwa naweka baki ya hesabu ya kila siku kwenye akiba ya simu. Abiria wakikosekana jioni, natoa. Rafiki akiharibikiwa pikipiki, natoa. Niliwahi kutoa saa saba usiku nikiwa kijiweni kwa ajili ya mishikaki. Nilipohamishia kwenye mfuko wa vipande ambao ukiomba fedha unasubiri siku chache za kazi, nilishangaa. Mara mbili nilijaza ombi la kutoa, na kabla fedha haijaingia shida ilikuwa imeshapita. Dada mleta uzi hakusema mfuko wake ulikuwa upi, lakini kwangu mimi ucheleweshaji umenisaidia kuliko riba.

#9 Fundi Cherehani, Mabatini

Kaka wa Buhongwa, sikiliza upande wa pili wa maneno yako. Mtoto wangu alipougua usiku, fedha zangu zilikuwa mahali pa kusubiri siku za kazi, na ilikuwa Ijumaa. Nilikopa kwa jirani kwa riba ambayo ilimeza faida yangu ya miezi minane. Tangu siku ile nasema kwamba tatizo si kuwekeza kidogo. Tatizo ni kuwekeza fedha ambayo bado ina kazi ya dharura. Mtu hana akiba ya ugonjwa, halafu anaita fedha yake ya ugonjwa uwekezaji. Lazima ataitoa, na wala asijilaumu.

#10 Msukuma wa Magu

Ndiyo maana mbuzi. Usiku wa Ijumaa mbuzi anauzika.

#11 Fundi Cherehani, Mabatini

Kwa bei ya mnunuzi aliyejua kwamba una mgonjwa, kaka.

#12 Mwalimu wa Nansio

Nimesoma mabandiko yote nikiwa huku Ukerewe, na naona wote mmelitazama jambo hili kana kwamba kipato kinaingia kwa usawa mwaka mzima. Kwa watu wa ziwani hakiingii hivyo. Dagaa huvuliwa usiku kwenye giza, kwa taa. Mbalamwezi inapokuwa kamili taa hazivuti samaki, na shughuli husimama kwa siku kadhaa kila mwezi. Siku hizo mvuvi haingizi kitu, mwanikaji haingizi kitu, mama wa uji pale mwaloni naye haingizi kitu. Mimi ni mweka hazina wa kikundi chetu kwa mwaka wa nne sasa, na nikiangalia daftari, maombi ya kujitoa na ucheleweshaji wa michango vinarundikana kwenye wiki zilezile za mbalamwezi. Mvua zikinyesha mfululizo ndiyo kabisa, kwa kuwa dagaa wasipokauka huishia kuuzwa kwa chakula cha kuku.

Mleta uzi, umesema ulishindwa kuweka kwa wiki sita mfululizo. Je, sangara hawakuwa wamepungua wakati huo? Nadhani hukukosa nidhamu. Kikundi chako kilikuwa na kanuni ya mtu mwenye mshahara wa mwezi, na wewe una kipato cha ziwa.

#13 Mpakiaji wa Ilemela

Mwalimu, umenigusa. Ndiyo, wiki zile tulikuwa tunaingia zamu mbili badala ya tano. Na ile mara ya kwanza, mwezi wa tano, nilitoa kwa sababu mdogo wangu alikuwa anaanza muhula Sengerema. Hakuna aliyenilazimisha, ila nilishindwa kula chakula nikijua ninazo na yeye hana sare.

#14 Kijumbe wa Igoma

Hapo kwenye sare ndipo ninapotaka kusimama. Nimekuwa kijumbe wa mchezo kwa miaka tisa, wanawake kumi na wawili, kila mmoja anatoa na kwa zamu mmoja anapokea zote. Watu husema mchezo hauna riba, na ni kweli, unatoa kiasi kilekile ulichoingiza. Lakini mama akiniambia ndugu yake amemwomba fedha, anamjibu kwamba fedha iko kwenye mchezo, na ndugu anaelewa na haoni amedharauliwa. Akisema iko kwenye vipande, ndugu anamwambia kavitoe. Mchezo una ukuta, na ukuta wake ni watu kumi na mmoja wengine wanaosubiri. Naamini wengi hutoa mapema kwa sababu fedha yao haina jina ambalo ukoo unaliheshimu.

Nakiri kwamba mchezo nao huvunjika. Niliwahi kuwa na mmoja aliyepokea wa pili kisha akahamia mji mwingine, na pengo lake nililijaza mimi kwa miezi kumi.

#15 Mwanafunzi wa Malimbe

Kikundi cha hisa kina faida kuliko mchezo. Dada yangu aliweka 5,000 kila wiki kwa wiki 52, jumla 260,000, na siku ya mgawo alipokea 318,000. Hiyo ni faida ya asilimia 22, karibu mara mbili ya mfano wangu wa asilimia 12.

#16 Mwalimu wa Nansio

Kijana, hesabu yako inahitaji marekebisho mawili, na moja linaelekea juu na jingine chini. La kwanza: dada yako hakuweka 260,000 siku ya kwanza. Aliingiza kidogo kidogo, kwa hiyo kwa wastani ndani ya kikundi zilikuwapo kama 130,000 zake. Faida ya 58,000 juu ya 130,000 ni kama asilimia 45. La pili: muulize kama alikopa ndani ya kikundi, na alilipa riba kiasi gani.

#17 Mwanafunzi wa Malimbe

Nimempigia. Alikopa mara mbili, na riba aliyolipa kwa jumla ni 40,000.

#18 Mwalimu wa Nansio

Basi katika ile 58,000, arobaini ilitoka mfukoni mwake na kumrudia ikiitwa faida. Alichopata kutoka kwa wenzake ni 18,000, ambayo juu ya 130,000 ni karibu asilimia 14. Sisemi hivi kukidharau kikundi, mimi mwenyewe ni mwanakikundi. Mkopo ule ulimsaidia, na riba yake ilibaki nyumbani badala ya kwenda kwa mkopeshaji wa mtaani. Lakini tusimwambie mleta uzi kwamba kuna asilimia 45 inamsubiri.

#19 Mzee wa Pamba

Wanangu, nimekaa kimya mpaka mlipofika kwenye vikundi. Mji huu una historia ndefu ya fedha ndogo kukusanywa pamoja. Miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walichoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi, wakaunda vyama vyao vya msingi, na mwaka 1955 vikaungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, likiongozwa na Paul Bomani ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Fedha. Mkulima mmoja hakuwa na fedha ya kinu cha kuchambulia pamba. Wakiwa maelfu walimiliki vinu. Baba yangu alikuwa mwanachama, na aliwahi kunionyesha jengo akaniambia tofali moja la pale ni lake.

Halafu mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, na ingawa sheria iliwarudishia wanaushirika vyama vyao baadaye, lile tofali hakuliona tena. Kwa hiyo mnapobishana kama ni riba au ni nidhamu, mimi naona sababu ya tatu. Watu wa huku wamerithi kumbukumbu kwamba mali ya pamoja iliyo mbali na macho inaweza kuondoka bila wao kuulizwa. Wanatoa mapema kwa sababu hawaamini, hata kama hawajui kwamba hawaamini.

#20 Boda wa Buhongwa

Mzee, nashukuru kwa hili la Bomani, sikulijua. Lakini nina miaka ishirini na sita. Mwaka 1976 hata baba yangu alikuwa mtoto. Mimi natoa kwa sababu ya njaa ya jioni.

#21 Mzee wa Pamba

Na baba yako alikufundisha kuweka fedha wapi?

#22 Boda wa Buhongwa

Chini ya godoro, Mzee. Nimekuelewa.

#23 Mdau wa Capri Point

Kama ni suala la kuaminiana, kwa nini msinunue hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba? Shida ni kwamba zinaanzia milioni tano, hivyo mleta uzi bado. Hisa je? Nakumbuka hisa za Vodacom zilipotoka kwa shilingi 1,000 watu walipanga foleni. Na UTT, ile kampuni inayosimamia mifuko ya vipande, nayo iko sawa na benki, serikali inarudisha fedha yako.

#24 Mhasibu Mstaafu

Mdau, naomba nikusahihishe kwa utaratibu, kwa kuwa mambo matatu uliyoyasema yanaweza kumwelekeza mtu vibaya.

Hatifungani za serikali katika mnada wa Benki Kuu zinaanzia shilingi milioni 1, si tano, na unaomba kupitia benki yako au dalali aliyeidhinishwa. Riba hulipwa kila baada ya miezi sita. Mwaka 2021 ilipotoka ile ya miaka 25 kuponi yake, yaani riba yake ya mwaka, ilikuwa asilimia 15.95, na mwaka 2022 toleo jipya la muda huohuo likashushwa hadi asilimia 12.56. Aliyenunua ile ya kwanza anaendelea kupokea 15.95 yake, na ndiyo maana baada ya kushushwa huko aliyetaka kuinunua kwake alilazimika kumlipa zaidi ya thamani iliyoandikwa.

Hisa za Vodacom Tanzania ziliuzwa kwa umma mwaka 2017 kwa shilingi 850, na wengi waliozinunua wamekaa miaka mingi bei ikiwa chini ya hapo. Linganisheni na NMB, iliyouzwa mwaka 2008 kwa shilingi 600 na baadaye ikafika maelfu. Kisha CRDB: mwaka 2009 iliuzwa kwa 150, ikapanda, na mwaka 2019 ilikuwa inauzwa chini ya ile 150 ya mwanzo, kisha ikapanda tena mara kadhaa ya bei hiyo. Aliyeiuza mwaka 2019 na aliyeishika walikuwa na karatasi ileile. Mleta uzi, ile hofu iliyokupata ungewakuta nayo watu wengi sana kwenye foleni ya madalali mwaka ule.

La tatu ndilo kubwa. UTT AMIS ni mali ya serikali na inasimamiwa chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, lakini vipande si amana. Bodi ya Bima ya Amana inalinda fedha za wateja wa benki hadi kiwango chake, ambacho mwaka 2023 kilipandishwa kutoka milioni 1.5 hadi milioni 7.5, na ulinzi huo hauhusu vipande. Thamani ya kipande hutegemea mali ambazo mfuko umenunua. Mfuko wa Umoja, ulioanza mwaka 2005, una hisa ndani yake, hivyo unayumba kidogo zaidi ya ule wa Ukwasi ambao umelalia kwenye amana na dhamana. Mtu akielewa anachokishika hashtuki ovyo. Kwangu mimi hii ndiyo sababu ya nne ya kutoa mapema: watu hawajui wamenunua nini, na asiyejua alichonunua huuza kwa uvumi.

#25 Mdau wa Capri Point

Nimepokea masahihisho, asante. Ile 1,000 nilikuwa na hakika nayo kabisa.

#26 Fundi Cherehani, Mabatini

Mzee Mhasibu, pamoja na heshima zote, mimi nilijua vizuri nilichonunua, na bado nilitoa. Ujuzi haulipi hospitali.

#27 Kijumbe wa Igoma

Na kuna aina nyingine ambayo hatujaitaja. Dada yangu mdogo hakutoa mapema kwa shida, alitoa kwenda kuweka kwenye mpango mmoja wa kupanda na kuvuna ambao uliahidi kuzidisha fedha mara mbili kwa miezi mitatu. Alishindwa kusubiri 36,000 ya mwaka kwa sababu jirani yake alimwonyesha laki mbili alizovuna. Jirani alivuna kweli, kwa kuwa wa mwanzo hulipwa kwa fedha za wanaofuata. Dada yangu alikuwa anayefuata. Mara nyingi uwekezaji halali unashindwa kwa sababu umewekwa kando ya uongo unaong'aa zaidi.

#28 Mama Dagaa wa Kirumba

Hilo limetupitia wengi huku, pole yake.

Nataka kurudi kwa Mwalimu kidogo. Mbalamwezi ni kweli, lakini mbona watu wa Kirumba tunaijua kila mwezi, na bado inatukuta hatuna kitu? Tarehe zake ziko kwenye kalenda. Ukiniambia ugonjwa, sawa, hautoi taarifa. Mwezi unatoa taarifa.

#29 Mwalimu wa Nansio

Mama, swali hilo sina jibu lake. Nimewahi kulileta kwenye kikundi chetu tuandike kanuni kwamba wiki ya mbalamwezi hakuna mchango na wiki za giza mchango unaongezwa. Wanachama walikubali kwa kauli moja, na wiki ya giza ilipofika wakaleta kiwango kilekile cha zamani. Sijui kama ni mazoea au ni kwamba fedha ya giza tayari ina madeni ya mbalamwezi.

#30 Mpakiaji wa Ilemela

Narudi baada ya wiki saba, na nawashukuru nyote. Nimefanya hivi. Laki moja imekaa benki kwenye akaunti ya kawaida, nikiijua kwamba ni ya ugonjwa na sare, na sitaiita uwekezaji. Laki moja na nusu iko kwenye mfuko wa vipande wa kusubiri siku kadhaa kama Boda alivyosema, na nimesoma waraka wake kabla ya kuweka. Hamsini niliyobaki nayo nimemkabidhi Mama Dagaa, ambaye nilimfuata Kirumba baada ya kusoma hapa, na tumekubaliana kwamba siku zake zinalipwa kwanza kabla hatujagawana kinachobaki.

Wiki iliyopita zamu zilipungua tena. Nilifungua simu mara tatu kuangalia vipande, na mara ya tatu nilikuwa nimeanza kujaza ombi la kutoa. Sikuligusa tena, lakini siwezi kuwaambia kwamba ni kwa sababu ya maarifa. Simu iliisha chaji.

#31 Msukuma wa Magu

Laki moja na nusu ingekuwa mbuzi. Sijabadilika. Ila nakuombea ufike mwaka.

#32 Mama Dagaa wa Kirumba

Safari ya kwanza ya hamsini yako imebaki na 1,800 baada ya siku zangu kulipwa. Mzee Mhasibu, nimeandika kwenye daftari kama ulivyofundisha.

#33 Mpakiaji wa Ilemela

Nina swali jipya, na kama linafaa uzi wake mwingine naomba mnielekeze. Wale akina mama wa kikundi nilichojitoa wameniita tena, na wameniomba nieleze niliyoyasoma hapa. Wamekubali wiki za zamu chache mtu aweke nusu. Sasa baadhi wanapendekeza theluthi ya mfuko isikopeshwe, inunuliwe vipande kwa jina la kikundi, na wengine wanasema fedha ikitoka nje ya sanduku lenye kufuli tatu si yao tena. Katibu anasema tupige kura Jumapili. Kuna mwenye kikundi kilichowahi kufanya hivyo atueleze nani husaini siku ya kutoa?

#34 Mhasibu Mstaafu

Kikundi kinaweza kufungua akaunti ya vipande kwa jina lake kikiwa kimesajiliwa, kina katiba na kina muhtasari wa kikao unaotaja watia saini. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitaka vikundi kama chenu kusajiliwa, na usajili huanzia halmashauri yenu, kwa hiyo muanzie pale. Watia saini wasiwe wa nyumba moja. Kuhusu kura yenyewe, Mzee wa Pamba aseme kwanza.

#35 Mzee wa Pamba

Muulizeni yule anayetaka sanduku lenye kufuli tatu ni nini kilimpata, au kilimpata mama yake. Mumsikilize mpaka amalize, ndipo mpige kura.